Siku Niliyopanda Treni Inayoimba

Nimekulia Makambako, pembeni ya reli ya TAZARA, ambako ngurumo ya dizeli hukufikia kabla kichwa cha treni hakijatokea. Kwa hiyo mwaka 2019, nikiwa nasoma Yokohama, Japani, mwenzangu wa maabara aliponiambia Jumamosi anakwenda kusikiliza treni, nilimwambia nakuja.

"Tupande ile ya kawaida, si ya haraka," akasema. "Inasimama kila stesheni, na kila ikiondoka inaimba upya."

Tulikaa jukwaani upande wa Keikyu, kampuni ya reli ya huko, tukiacha treni nyekundu zipite moja baada ya nyingine. Kwangu zote zilikuwa sawa. Yeye alikuwa akisoma namba ubavuni, kwa sababu treni za aina ya 1000 zenye ile sauti zilikuwa zimebaki chache mno. Ilipokuja tuliyokuwa tunaingoja, alinishika mkono tukaingia behewa la mbele kabisa, nyuma ya dereva. Keikyu huweka mota hata kwenye mabehewa ya mwanzo na ya mwisho, kwa hiyo pale unakuwa umesimama juu yake. Tulimkuta mzee mmoja, hedifoni masikioni, amekishusha kinasa sauti chake mpaka karibu na sakafu. Mwenzangu akaweka kidole mdomoni pake, ninyamaze.

Milango ikafungwa. Kutoka chini ya nyayo zangu ikaja noti moja, safi, kama imepulizwa kwenye filimbi. Kisha ya juu yake, kisha nyingine, zikipanda ngazi ya muziki bila kuchanganyikana, mpaka ya mwisho ikavutika na kukimbia pamoja na mwendo. Nywele zilinisimama.

Juu ya njia ile kuna umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja, wa volti 1500. Kifaa cha treni kiitwacho inveta huukatakata na kuugeuza kuwa wa fezi tatu, na ukataji huo ndio unaoitikisa mota ikatoa sauti. Vifaa vya zamani kama hivi vilikata taratibu kiasi cha sikio kusikia. Kwingine ulikuwa mlio tu. Wahandisi wa Siemens, waliotengeneza inveta hizi, wakaamua kuupangia noti. Hakuna abiria aliyewaomba, na ndiyo maana nawaheshimu sana.

Kanagawa-Shimmachi tulisimama kuipisha treni ya haraka. Mzee akavua hedifoni, na mwenzangu, ambaye utafiti wake ulikuwa wa mota, akaanza kubishana naye kwa adabu zote. Alisema zama hizo zimekwisha: inveta mpya hukata kwa kasi kubwa zaidi, hupoteza umeme kidogo, na mota za sumaku za kudumu za Tokyo Metro, treni za chini ya ardhi za Tokyo, zina ufanisi kuliko hizi, ingawa kila moja inadai inveta yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba yote ni kweli, ndiyo sababu anarekodi sasa. Akarudisha hedifoni, maana taa ya kuondoka ilikuwa imewaka.

Mbele kidogo reli za JR, kampuni nyingine ya treni, zilikuwa zikienda sambamba nasi, na treni yao ya aina ya E233 yenye mstari wa buluu ikawa inatufuata dirishani. Upana wa reli ile ni milimita 1067, sawasawa na TAZARA. Keikyu ni 1435, kama SGR yetu ya sasa.

Sauti ile ilinyamaza kabisa mwaka 2021, vifaa vya treni ya mwisho vilipobadilishwa.

Siku ile tuliagana na mzee stesheni ya Shinagawa, Tokyo. Alikuwa anavuka jukwaa arudi nayo. Mwenzangu akanipeleka Shimbashi tukapanda treni ya njano ya njia ya Ginza ya Tokyo Metro, yenye hizo mota zake za sumaku. Iliondoka kwa utulivu wa ajabu, naye akanitazama kama mzazi ambaye mtoto wake amesoma vizuri mbele ya wageni. Kuhusu umeme unaookolewa nilimkubalia palepale. Kuhusu sauti nilikuwa upande wa mzee, na hadi leo sijahama.