Chapati za viazi vitamu zisizo na nafaka: zilikuwa zikikatika

Zilikuwa zikiganda kikaangoni, ukizigeuza zinakatika, na ndani bado mbichi. Kuongeza mayai hakukusaidia, zikawa kama kimanda cha mayai tu. Kosa lilikuwa maji: kiazi kilichomenywa kisha kikachemshwa hunywa maji, na bila ngano hakuna cha kulishika rojo.

Sasa viazi vinapikwa kwa mvuke na maganda yake, dakika 25 hivi, vinamenywa na kuachwa wazi mpaka mvuke uishe. Viazi vilivyopondwa gramu 250, mayai 2, unga wa muhogo vijiko vikubwa 3, iliki, chumvi kidogo. Viazi vyeupe vya Darajani, soko la Zanzibar, vikiwa vikavu mno, tui zito vijiko 2. Vya rangi ya chungwa havitaki tui, vinataka kijiko kimoja zaidi cha unga. Rojo lianguke kutoka kwenye upawa kwa mabonge, lisitiririke. Liache dakika 10, muhogo unywe maji.

Moto mdogo, mafuta kidogo, kila chapati upana wa kiganja. Usiiguse mpaka ukitikisa kikaango iteleze yenyewe, dakika 3 au 4. Sukari usitie, huunguza chini kabla ndani hapajaiva.