Mimi Nilipata Ngapi?

Juni 2021 nilikuwa nadaiwa pointi za kuhuisha leseni yangu ya ukunga, na semina za kukaa ukumbini zilikuwa zimehamia kwenye simu. Sikufurahi, nisiseme uongo. Mtandaoni hakuna posho wala soda ya saa nne. Kuna wewe na bando lako, basi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, leba. Nyumbani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, tulikuwa wawili tu, mimi na kitindamimba wangu wa darasa la pili. Alikuwa amefunga shule wiki ile na ripoti aliyoikunja mara nne kama hirizi: nafasi ya 61 kati ya 84. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikapunguza sauti ili asije. Akaja na bakuli lake la matobolwa, akakaa.

Mafunzo yalihusu kumsaidia mtoto mchanga asiyelia. Wakunga wengi tunayajua kwa ile dakika ya dhahabu: mtoto akitoka unamkausha, unamsugua mgongo, na kama bado hapumui, dakika moja isiishe hujaanza kumpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono wenye barakoa ya kufunika pua na mdomo. Mkufunzi akataja utafiti uliofanyika katika hospitali nane za hapa Tanzania, ukachapishwa 2013. Baada ya wahudumu kufundishwa hivi, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

"Na wale wengine?" mwanangu akauliza, mdomo umejaa.

"Wengine gani, baba?"

"Ambao hawakupungua."

Nikasimamisha video. Usiku ule ule nilikuwa nimemfunika mmoja. Nikamwambia ale matobolwa yake.

Ikafika sehemu ya vitendo. Mdoli wa mafunzo sina, hivyo nikakunja taulo, nikajaza soksi moja kwa nyingine ikawa kichwa, na chupa tupu ya maji ikawa ambu. Yeye nikampa saa yangu ya kifuani, ile ya kubana na pini, ahesabu. Kwa dakika moja mtoto anatakiwa apewe pumzi kama 40. Nikabonyeza, nikabonyeza, akasema muda umekwisha.

"Hamsini na nane."

"Umehesabu vibaya."

"Hamsini na nane, mama. Unakimbia."

Tukarudia. Hamsini na tano. Nikaanza kuona haya mbele ya soksi. Mkufunzi alikuwa amesema tuhesabu kwa sauti, "pumua, mbili, tatu": unabonyeza kwenye "pumua", unaachia kwenye "mbili, tatu". Mimi huko leba nilikuwa nahesabu moyoni, na moyo wa mkunga mtoto asipolia hauendi polepole. Ukikimbia, kifua hakipati nafasi ya kushuka, hewa haitoki vizuri, nawe unajiona unafanya kazi kubwa. Sijui nilikuwa nakimbia tangu mwaka gani. Wasimamizi walishapita mara nyingi, wakakagua daftari, wakasaini, wakaondoka.

Mara ya tatu akahesabu yeye, kwa sauti ya gwaride la shuleni, "Pumuaaa... mbili... tatu...", mimi nafuata kama kuruta. Arobaini na moja.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshiba. Lakini somo lililofuata lilikuwa la alama za Apgar. Mwaka 1952 daktari wa usingizi huko Marekani, Virginia Apgar, alibuni namna ya kumpima mtoto anapozaliwa kwa mambo matano: rangi ya mwili, mapigo ya moyo, anavyoshtuka akiguswa, nguvu za viungo, na kupumua. Kila jambo lina sifuri, moja au mbili, jumla kumi. Unampima dakika ya kwanza, unampima tena ya tano. Mkufunzi akakazia kwamba mtoto asiyepumua hangojwi apewe alama ndipo asaidiwe. Msaada unatangulia, alama zinaandikwa.

Mwanangu akaacha kutafuna.

"Kumbe wote tunafanya mtihani?"

"Ndiyo."

"Mimi nilipata ngapi?"

"Nane."

"Dakika ya kwanza au ya tano?"

Ndiyo hasara ya kusoma na mtu anayesikiliza. Miaka minane sikuwahi kumwambia, wala hakukuwa na sababu ya kuficha. Nilimzaa leba ile ile ninayofanyia kazi. Niliona migongo ya wenzangu imemzunguka kule mezani, wala sikusikia sauti, na mimi najua maana ya kutosikia sauti.

"Ya tano," nikasema. "Ya kwanza ulipata tatu."

"Tatu kwa kumi!" Akacheka, kisha akanyamaza. "Ulinisaidia wewe?"

"Mimi nilikuwa nimelala kitandani. Alikusaidia bibi wa karanga."

Bibi wa karanga ni jirani yetu, mkunga mstaafu, anayeanika karanga zake upande wa pili wa uzio wa michongoma. Mwanangu alimjua kwa karanga tu. Akaweka bakuli chini, akatoka na saa yangu mkononi, na kabla sijaivaa kandambili ya pili nikamsikia uani.

"Shikamoo bibi. Eti nilipata tatu?"

Kimya kidogo. Ungo ukawekwa chini.

"Marahaba, baba. Ulipata mbili. Hiyo ya tatu nilikuongezea."