Barza haitafungwa kwa vioo

Jana tumekubaliana kuhusu barza, yaani veranda ya mbele ya nyumba tuliyokodi, baada ya wiki tatu za mabishano, na nina furaha sana.

Nyumba yenyewe iko katikati ya Lubumbashi. Ilikuwa duka la mfanyabiashara Mgiriki wakati mji ukiitwa Élisabethville: vyumba viwili mbele, depo ya kuwekea bidhaa nyuma, na barza pana yenye nguzo za matofali upande wa barabara. Tuko wanne tulioikodi. Mbele tutauza vitenge, mapambo ya malakiti, lile jiwe la kijani, na picha za shaba ya kufuliwa kwa nyundo. Depo itakuwa ya maonyesho na muziki wa Jumamosi.

Ukuta ndio uliotutesa. Aliyepanga kabla yetu aliona matofali yanamomonyoka karibu na sakafu, akayapaka simenti hadi kiunoni. Lakini nyumba hii ilijengwa kwa chokaa. Matofali yake huvuta unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Simenti ikauzibia njia, ukapanda juu zaidi, na tofali zikawa unga. Papa wangu, mwashi wa miaka mingi, aligonga ukuta kwa kidole akaniambia, "Mwanangu, huu wamemuziba pua." Tulibandua simenti yote mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, tukauacha ukuta ukauke hadi mwezi wa tisa. Miezi yote hiyo tulilipa kodi bila kuuza hata kitenge kimoja. Iliniuma. Kisha tukajaza viungo kwa chokaa na mchanga tu, na palipooza tukaweka tofali za udongo wa kichuguu, zilizochomwa vizuri.

Depo tumeiacha na mbao zake za paa wazi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji papa hapa mjini, ikajulikana kwa jina la Hangar tu, yaani banda. Humo walichora Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyepaka rangi kwa vidole. Picha inataka mwanga na ukuta mkavu. Dari ya urembo ingetula pesa bure.

Sasa barza. Mwenzetu mmoja alitaka tuizungushie vioo, tupate nafasi ya butiki ya tatu. Namwelewa, kodi ni nzito. Lakini mvua ya mwezi wa kwanza ikishika, watu hukimbilia barza iliyo karibu, na hakuna anayewafukuza. Mtu akisubiri hapo nusu saa, atageuka atazame ndani. Kuna wengi hapa mjini wasiothubutu kusukuma mlango wa kioo wa butiki, wakidhani wataulizwa wamefuata nini. Hao ndio ninaotaka waone picha. Tena kivuli chake ndicho kinacholinda vitenge visipauke na ukuta usipigwe na maji.

Mama anayeuza karanga kwenye nguzo ya mwisho aliniuliza kama atafute pengine. "Hapana, Mama, baki." Leo asubuhi fundi wa umeme amefunga taa juu ya meza yake.