Mshale wa "Hapana" Haukuwa na pa Kwenda

Siku tulipong'oa mbao za slabu ya ghorofa ya pili, nilipita chini yake na tochi nikaona nondo tatu zinachungulia. Zege lenyewe lilikuwa limeshiba, halina matundu. Lakini mahali palipotakiwa kuwa na milimita 25 za zege chini ya chuma, palikuwa na utando mwembamba tu. Kilichoninyima usingizi ni karatasi ya ukaguzi. Nondo zile zilikuwa zimekaguliwa, nafasi zimepimwa, biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo kutoka kwenye mbao, zimehesabiwa, na sahihi iliyokuwa chini ya karatasi ni yangu.

Nilikuwa ndiye msimamizi wa ubora pale saiti. Chati mtiririko, mchoro wa visanduku na mishale unaoonyesha kazi hatua kwa hatua, nilikuwa nimeisoma chuoni, nikaiweka kwenye fungu la mambo ya watu wa kompyuta. Baadaye nikaja kujua kwamba asili yake iko karibu nasi zaidi ya nilivyodhani. Frank Gilbreth, mtu aliyeanza maisha ya kazi akiwa fundi wa kujenga matofali, na mkewe Lillian ndio waliowasilisha chati za mchakato mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani mwaka 1921. Tangu nilipolijua hilo naichora kwa moyo mwingine kabisa.

Ili nijue kasoro ile ilipenya wapi, niliamua kuchora chati ya kazi ya slabu. Ya kwanza niliichorea ofisini, nikiwa na vitabu vya masharti ya kazi mezani. Ikatoka na visanduku zaidi ya arobaini, mishale imenyooka. Nikampelekea fundi mkuu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Injinia, kazi ni nzuri. Ila sisi hatufanyi hivi."

"Mnafanyaje, fundi?"

"Njoo ukae uone."

Nikakaa siku mbili juu ya slabu iliyofuata, tangu mbao zilipokamilika mpaka zege lilipoanza kumwagwa, na daftari mkononi. Nilichora yale tu niliyoyaona kwa macho. Na hapo ndipo nilipoipata sababu ya kasoro ya ile slabu yangu. Nondo zilikaguliwa alasiri. Asubuhi yake wakaingia mafundi umeme kulaza mabomba ya nyaya. Ili bomba lipite, nondo inainuliwa, biskuti inateleza, waya wa kufungia unakatwa. Wakimaliza wanatoka, na pampu inaanza. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alifanya kazi yake kama alivyoagizwa. Mimi ndiye niliyekuwa natia sahihi kwa nondo ambazo kesho yake hazikuwa zile tena. Kwenye karatasi jambo lenyewe lilionekana dogo sana: umbo la almasi lenye swali la ukaguzi lilikaa kabla ya kisanduku cha umeme, badala ya kuja baada yake. Nikalisogeza. Tangu hapo nondo hukaguliwa mara ya mwisho wakati mafundi umeme wameshatoka na hakuna atakayekanyaga tena isipokuwa wamwaga zege.

Almasi hizo ndizo zilizonifunza mengi zaidi. Kila moja ni swali, na kila swali lina mishale miwili, ndiyo na hapana. Nilipopitia mchoro wangu nikakuta almasi saba ambazo mshale wa "hapana" haukuwa na pa kwenda. Tulijua kukagua, lakini kazi ikikataliwa, hatukujua inaelekea wapi wala mikononi mwa nani.

Mbaya kuliko zote ilikuwa ya kupima ulaini wa zege. Kijana aliyekuwa anapima alikuwa makini kweli. Anaijaza koni yake ya milimita 300 kwa tabaka tatu, kila tabaka anaishindilia mara 25, anaivuta juu bila kuitikisa, kisha anapima zege limeshuka kiasi gani. Nikamuuliza, likishuka kupita kiwango anafanyaje? "Namwambia msimamizi." Msimamizi naye akasema, "Nakutafuta wewe, injinia." Na nikiwa upande wa pili wa saiti, zege linaendelea kumwagwa. Likiwa gumu kupita kiasi, mtu anavuta mpira wa maji. Ni kweli, maji yakiongezwa zege linalainika na kusambaa kirahisi, lakini nguvu yake inashuka, na kwa macho huwezi kuona.

Tukaandika upya. Zege likizidi ulaini, gari linarudi, na msimamizi wa zamu ana mamlaka ya kulirudisha bila kunisubiri. Likiwa gumu, anaitwa fundi wa mtambo wa zege aongeze dawa ya kulainisha kwa kipimo chake, lichanganywe, kisha mshale unarudi kwenye koni ileile. Mpira wa maji haumo popote kwenye chati. Kuchora hayo kulichukua nusu saa. Kupata kibali cha kumpa msimamizi mamlaka hayo kulichukua wiki nzima ya vikao, maana uongozi uliogopa kucheleweshwa. Ningekuwa tayari kubishana hata mwezi. Bila mamlaka hayo, chati yangu ingebaki pambo la ukutani.

Vipande vya zege vya kupimia nguvu tulivipa almasi mbili, siku ya 7 na siku ya 28. Ile ya siku ya 7 naithamini sana, kwa sababu kufikia siku ya 28 slabu nyingine imeshakaa juu yake.

Chati iliyobaki ina visanduku 14, kwa herufi kubwa, imefunikwa plastiki na kufungwa pale ngazi inapoanzia. Chini ya kila almasi kimeandikwa cheo cha anayejibu. Nguzo zina chati yake. Lipu sikuichorea, kipande kimoja cha mfano ukutani kinamtosha fundi.

Slabu ya ghorofa ya nne tulipoing'oa mbao, nilipita tena na tochi, nikageuka nikarudia. Hakuna chuma kilichochungulia. Nilipofika kwenye ngazi nikaona mtu ameandika kwa kalamu juu ya plastiki, kati ya kisanduku cha ukaguzi na cha pampu. Ilikuwa almasi iliyopinda kidogo, ndani yake neno moja, "Mvua?", na mishale yake miwili, yote ikiwa na pa kwenda. Mwandiko ulikuwa wa fundi mkuu.