Mizani ya maziwa na Access: mafaili yaanza kuingia yenyewe

Mizani ya kielektroniki ya ushirika wetu wa maziwa hutoa faili la maandishi kila asubuhi na jioni. Mstari mmoja unasomeka hivi: 00417,03/04/2025,A,12.6. Yaani namba ya mwanachama, tarehe, zamu, kilo. Karani huyaingiza mafaili hayo kwa mkono kwenye Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na siku wakulima wakijaa dirishani, mafaili hulala. Nimejitolea kumtua mzigo huo.

Ukimaliza kuingiza faili, Access hukuuliza kama uhifadhi hatua ulizofuata. Kwetu hazifai, kwa sababu zimefungwa kwenye faili lile lile, na letu huja na jina jipya kila mara. Kinachotakiwa ni maelezo ya muundo, yaani maagizo ya jinsi ya kusoma kila safu ya faili, yaliyojificha nyuma ya kitufe cha Advanced. Humo namba ya mwanachama nimeitaja kuwa maandishi, la sivyo 00417 inageuka 417 na mwenyewe haonekani tena daftarini. Tarehe nimeipanga siku, mwezi, mwaka. Hapo ndipo penye hatari, maana kosa lake halipigi kelele: kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani huisoma 03/04 kuwa Machi 4, lakini ikikutana na 13/04 inajirekebisha kimyakimya. Mwisho wa mwezi unapendeza, mwanzo wake umevurugika.

Kuingiza kwenyewe ni mstari mmoja tu wa TransferText, amri ya Access ya kuingiza mafaili ya maandishi. Ila mizani huandika mafaili ya .dat, na Access huyagomea ikidai eti hifadhidata ni ya kusomwa tu! Basi programu niliyoandika inayabadilisha majina kuwa .txt kwanza.

Faili haligusi jedwali la malipo moja kwa moja. Linashukia jedwali la mapokezi, kisha amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, inahamisha mistari ambayo wanachama wake wanajulikana. Jedwali la malipo lina faharasa isiyokubali marudio ya mwanachama, tarehe na zamu, hivyo faili likija mara mbili mkulima halipwi mara mbili. Mistari isiyo na mwenyewe inabaki mapokezini ikimsubiri karani. Mara nyingi ni mtoto aliyetumwa na maziwa akataja namba ya jirani.

Kazi yote inaamshwa na Task Scheduler, kiratibu kazi cha Windows, kinachofungua Access kwa swichi ya /x na jina la makro, yaani orodha ya hatua za kutekelezwa. Makro hiyo inaita RunCode, hatua ya kuendesha msimbo, nayo inakubali msimbo wa aina ya Function tu, ule wa aina ya Sub haiutaki. Visanduku vya ujumbe nimeviondoa vyote: kimoja kikitokea usiku, kitangoja mtu wa kukibofya hadi asubuhi. Makosa sasa yanaandikwa kwenye jedwali lake. Umeme ukikatika, nimeweka alama kazi iliyopitwa ianze baada ya kompyuta kuwaka.

Bado orodha ya mistari iliyokwama. Karani anaitaka kwenye karatasi, kabla ya lori la maziwa kuondoka saa tatu.