Kijapani cha Vidole

Kaka yangu kaleta Vitz ya mtumba kutoka Japani, na kila ukiiwasha bibi mmoja mwenye sauti ya upole anasema jambo kwa Kijapani. Fundi katwambia bibi analalamika kuwa kadi ya kulipia barabara haimo. Kwao huko barabara kuu zina ushuru, unakatwa kwa kadi hiyo. Hapa Unguja atalalamika mpaka gari iwe chuma chakavu.

Redio nayo ina yake. Redio za gari kama hizi za Japani zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, mpaka karibu na 108. Kwa hiyo unanunua kiboksi kidogo, kinachomekwa kwenye waya wa antena, kinayashusha yale masafa ya juu. Baada ya hapo kila kituo kinasomeka kwa namba isiyo yake, na watu washazizoea namba hizo za uongo.

Mie sikushangaa hata kidogo. Kijapani nilikianza udogoni, kwenye kibanda cha gemu Kikwajuni. Ilikuwa PlayStation 2, ile iliyotoka mwaka 2000, na CD za kunakili za Winning Eleven, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, menyu Kijapani kitupu na mtangazaji anayepiga makelele kwa Kijapani. Hakuna aliyeweza kusoma herufi moja. Tulijua mistari kwa mahali ilipo: huu wa kubadilisha mchezaji, ule wa chini usiuguse. Na tulijua vitufe vya pedi. Kwa Wajapani duara ni kukubali, msalaba ni kukataa. Siku ikaja CD ya Ulaya, mambo kinyumenyume, msalaba ndio kukubali. Mabingwa wa mtaa mzima wakawa wanajitoa wenyewe kwenye mechi, na mwenye kibanda hajali, dakika zako zinahesabiwa tu.

Kisha akaja Adriano. Kwenye toleo la 2006 yule Mbrazili wa Inter Milan alipewa nguvu ya shuti 99. Ukimpa mpira kwenye mguu wa kushoto, hata kama yuko mbali na goli, kipa wa mwenzako aanze kusoma dua. Kibanda chetu kikatoa sheria: anayechukua Inter anamweka Adriano benchi, la sivyo analipa mara mbili. Naiona mpaka leo ni sheria ya haki kuliko nyingi nilizokutana nazo ukubwani.

Wazee wetu nao walikuwa hivyohivyo. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, imeanza 1905, na ala zake, ganuni na udi, hazikuzaliwa mitaa yetu ya Ng'ambo. Siti binti Saad kavuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Baadaye filamu za Kihindi zikajaza Majestic pale Vuga, na watu wa taarabu wakachukua mahadhi wakatia maneno yao. Bibi yangu alikuwa na nyimbo nzima za Kihindi kichwani, maana hajui, lakini mahali pa kulia hapakosei.

Ndiyo maana mie sinunui sana hii biashara ya kusifu vya kale kwa ukale wake. Wageni wanapanga foleni Shangani kupiga picha kwenye nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa hapa 1946. Sawa, haki yao. Ila Vespa imezaliwa mwaka huohuo, huko Italia, na mjini bado inapeleka watu sokoni na mkungu wa ndizi mbele ya miguu. Hiyo hakuna aliyeiita ya kale.

Kijapani changu ndicho kilichokufa. Sony walipotoa PlayStation 5 mwaka 2020 waliamua msalaba uwe wa kukubali hata huko Japani kwenyewe. Kidole changu gumba hakijapewa taarifa.

Mtoto wa kaka hana habari na pedi. Anacheza eFootball kwenye simu, jina jipya la gemu ileile ya Konami tangu 2021, bure, kalala kifudifudi kwenye mkeka. Juzi kanionyesha kadi za magwiji, na Adriano yumo, na mguu wake wa kushoto. Nikamuuliza mbona hamchezeshi.

"Ami, huyu mzito mno."

Nikamwambia lete simu hapa.