Kulinganisha Nyuzi Mizingani

Usiku wa kuamkia safari, mjomba wangu, aliyenifundisha kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, ukumbini kwake Kibokoni tangu nikiwa na miaka 10, aliniambia kwamba Unguja si ugenini. Lugha ni moja, alisema, wali ni ule ule, na bahari utakayoiona kule ndiyo hii tunayoitazama hapa Ngomeni. Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ganuni, chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho wengi hukiita kwa herufi za jina lake la Kiingereza, DCMA, na kwa msichana wa Mji wa Kale wa Mombasa ambaye hajawahi kulala nje ya pwani ya Kenya, maneno ya mjomba yalikuwa faraja niliyoihitaji.

Basi liliondoka Mwembe Tayari asubuhi moja ya Januari 2014. Tulivuka Likoni kwa feri, tukapita Ukunda na Msambweni, na kufika Lunga Lunga ambako nilitoa pasipoti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Upande wa pili, Horohoro, ikagongwa muhuri mwingine. Kuanzia hapo ni Tanga, Segera, Chalinze, na vumbi. Nililala Kariakoo kwa jamaa wa mama, na alfajiri nikateremka bandarini Dar es Salaam kupanda boti.

Safari ya boti ilichukua kama saa mbili. Bahari ya kaskazi ilikuwa tulivu kuliko nilivyotazamia, na abiria walizungumza kwa sauti za chini kama watu walio msikitini. Tulipokaribia tuliuona mnara wa taa wa Chumbe, ambao umekuwa ukiwaongoza mabaharia tangu 1904, kisha Mji Mkongwe ukajitokeza taratibu: mapaa, minara ya misikiti, na juu ya vyote Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, yenye saa yake na roshani zake. Sikujua kwamba nilikuwa naitazama ikiwa katika miaka yake ya mwisho kabla ya msiba. Sehemu kubwa ya jumba hilo la 1883 ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, na kila ninapoikumbuka asubuhi ile nashukuru kwamba nilisimama sitahani, sikubaki ndani.

Bandarini Malindi nilionyesha pasipoti tena, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Afisa aliuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kusoma muziki wa taarabu. Aliitazama pasipoti, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Kwani Mombasa hakuna taarabu, dada?"

Sikuwa na jibu la haraka, na swali lile nililibeba pamoja na begi langu hadi Kiponda, nyumbani kwa shangazi ambaye hakuwa shangazi yangu hasa bali binti wa ami yake baba, na ambaye alinipokea kama kwamba aliniaga jana tu. Mombasa taarabu ipo, tena ya fahari. Ni mji wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeupiga udi kama asemaye na watu. Lakini taarabu ya kwetu ni ya kikundi kidogo: udi, ngoma mbili tatu, na taishokoto, chombo cha asili ya Kijapani ambacho nyuzi zake hubanwa kwa vitufe. Taarabu ya Unguja ni ya watu wengi waliokaa safu, fidla nyingi, filimbi ya nai, akodiani, sello, udi, ngoma za rika na dumbak, na ganuni. Mimi ganuni nilikuwa nimeisikia kwenye kanda tu. Sauti yake, ile ya matone ya maji yanayofuatana, ndiyo iliyonitoa kwetu.

Kila siku ya skuli ilianza namna moja. Shangazi aliniamsha kwa sala ya alfajiri, tukanywa chai ya maziwa kwa boflo, kisha nikateremka kwenye vichochoro hadi Mizingani, nikipita chini ya ule Mtini mkubwa ambao mafundi wa majahazi walikuwa wakifanya kazi kivulini mwake. Chuo kilikuwa katika jengo la zamani la Forodha, linalotazama bahari, na darasa letu la ganuni lilikuwa ghorofani. Nilifika mapema kuliko wenzangu wote, si kwa bidii bali kwa lazima, kwa sababu mpiga ganuni hatangulii kupiga, hutangulia kulinganisha.

Ganuni ina nyuzi 78, zilizopangwa tatu tatu, na kila nyuzi tatu hutoa sauti moja. Moja kati ya hizo tatu ikilegea hata kidogo, sauti huchafuka kama maji yaliyotibuliwa. Ufunguo huzungushwa kwenye kigingi kimoja baada ya kingine, sikio likiwa limeinamishwa ubaoni, na mwanafunzi mpya humaliza saa nzima kabla hajapiga noti moja ya somo. Kisha kuna ngozi. Daraja linalobeba nyuzi zote hizo halikukalia mbao bali vipande vya ngozi iliyowambwa, na ngozi hunywa unyevu wa hewa. Upepo wa bahari ukiingia dirishani, ngozi hulegea, daraja huzama kiasi usichoweza kukiona kwa jicho, na kazi yote ya asubuhi hushuka pamoja nalo. Wakati wa masika, Aprili, nililinganisha mara tatu kwa siku. Wenzangu wa ngoma walinionea huruma.

Nyuzi nazo hukatika. Mjini Unguja sikuona duka lililouza nyuzi za ganuni. Zilikuja na wasafiri kutoka Kairo au Istanbul, na msafiri hana ratiba. Maalim wangu aliponiona nimekaa na pengo la nyuzi mbili kwa wiki nzima, alinipeleka mwenyewe Darajani kwenye duka la vifaa vya uvuvi, akachagua mishipi ya nailoni kwa kuipapasa katikati ya vidole, unene huu kwa sauti za juu na unene ule kwa za kati, kama mtu anayechagua kitambaa cha kanzu. Mishipi ile ilipigwa hadi mwisho wa masomo yangu, na ilishika sauti vizuri.

Shida yangu kubwa, hata hivyo, haikuwa vidole wala nyuzi. Ilikuwa sikio. Maqamu, yaani ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu, ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa Rasti, na sauti ya tatu ya Rasti, inayoitwa sika, haipatikani kwenye piano. Ipo katikati ya vitufe viwili, na hata hiyo "katikati" si ya kupima kwa rula. Kwenye ganuni kuna vipande vidogo vya chuma pembeni mwa nyuzi, ambavyo huinuliwa na kulazwa kwa kidole ili kuipandisha sauti au kuishusha kidogo, nami niliviinua nilivyoelekezwa. Lakini kila niliporekebisha nyuzi zenyewe asubuhi, sika yangu ilikuwa juu. Maalim alipita nyuma yangu, akasikiliza, akaishusha. Kesho yake ikawa juu tena.

Ilipita miezi miwili kabla hatujajua chanzo. Siku moja aliniuliza nyumbani kwetu walipiga chombo gani, nikamtajia udi wa mjomba na taishokoto ya jirani. Akatikisa kichwa. Udi hauna vizuizi, alisema, unaweza kwenda popote, lakini ukiwa umekua karibu na taishokoto sikio lako limekwisha kujifunza ngazi za vitufe vile, na udi wa mjomba wako umefuata. Akaongeza kwamba hata wao Unguja wanapambana na jambo hilo hilo, kwa kuwa akodiani yao haina robo, zile sauti za katikati ya vitufe, na mpigaji akodiani mwenye adabu akifika kwenye sika huiachia fidla na ganuni zipite peke yao. Ndipo nilipomjibu yule afisa wa bandarini, kimoyomoyo na kwa kuchelewa. Taarabu ipo Mombasa, bwana, lakini haina sauti hii.

Mchana, baada ya masomo na sala ya adhuhuri, nilikula urojo kwa mama mmoja wa Mkunazini, kisha nikarudi chumbani kufanya mazoezi ya vidole bila chombo, kwa kugonga meza kwa vidole vya shahada, vile vinavyovishwa pete na risha ya kukwanyulia nyuzi. Fedha alizonitumia mama zilitosha kodi na chakula, si zaidi. Jioni ndizo zilizokuwa ngumu. Magharibi ikiingia, na watu wote wakiwa wanaelekea kwao, ndipo nilipojua kwamba mjomba alikosea: lugha ni moja lakini si ile ile. Nilisema "mato" na "ndia", watoto wa shangazi wakacheka na kusema "macho" na "njia", na darasani nilipoimba kiitikio maalim alinisimamisha kwa sababu nilivuta silabi mahali ambapo wao hukata. Hawakuwa na ubaya. Lakini anayesahihishwa kutwa nzima, kuanzia neno la kinywani hadi noti ya kidoleni, hulala amechoka.

Dawa yangu ilikuwa kwenda kusikiliza mazoezi ya vikundi vya taarabu. Kutoka Kiponda hadi Malindi ni hatua chache tu, na huko kipo Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905. Vuga wapo wenzao wa Culture Musical Club, kilichozaliwa 1958. Nilikaa nyuma na kutazama mikono. Kwa muda mrefu wanawake wa taarabu walikuwa waimbaji na wanaume ndio waliokaa na vyombo, na hilo lilikuwa likinitisha, mpaka nilipowaona kina mama wa Tausi, kikundi cha Bi Mariam Hamdani, wakiwa wameshika fidla na ganuni wenyewe, na mmoja wao akinisogezea kiti karibu ili nione vidole vyake vizuri.

Maalim alipenda kutuhadithia habari za Mohamed Ibrahim. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, na inasimuliwa kwamba alimpeleka Mzanzibari huyo Kairo kujifunza ganuni. Nimemfikiria mara nyingi mtu yule. Alisafiri mbali kuliko mimi, akasoma katika lugha isiyokuwa ya mama yake, na alikuwa na nyuzi za kulinganisha kila asubuhi katika hewa kavu ya jangwani, kisha akarudi nazo kwenye unyevu huu wa Mizingani. Bila shaka ngozi ilimsumbua. Nusu karne baadaye, mwaka 1928, mwimbaji Siti binti Saad, binti wa Fumba hapa Unguja, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo alizoziimba kwa Kiswahili, na mlango alioufungua ndio niliopitia. Kusafiri kwa ajili ya sauti si jambo geni kwa watu wa hapa, na kulijua hilo kulinituliza kuliko simu za nyumbani.

Mwishoni mwa Juni ukaingia mwezi wa Ramadhani, na vyombo vikafunikwa. Hakuna taarabu mwezi huo, wala mtu hahitaji kuelezwa. Nilidhani nitasahau yote. Badala yake, nikiwa nimesimama nyuma kwenye tarawehe, nilianza kusikia kitu katika kisomo cha imamu: alikuwa akipanda kutoka chini, akakaa kidogo juu ya sauti ya tatu, na sauti ile ilikuwa sika, imekaa mahali pake bila papara. Nilirudi nyumbani nikiivumisha moyoni. Kila usiku kwa mwezi mzima niliisikia, bila nyuzi, bila ufunguo, bila mtu kunirekebisha. Nasema kwa yakini kwamba mwezi ule wa ukimya ulinifundisha maqamu kuliko miezi mitano iliyoutangulia.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ni mwezi wa harusi. Kikundi chetu cha wanafunzi, tukisaidiwa na wazee wawili na maalim mwenyewe kwenye fidla, tulialikwa harusi ya Bububu. Tulipakia vyombo kwenye gari mchana, na ganuni niliipakata mwenyewe ili isigongwe. Nilipofika nililinganisha nyuzi zote 78 katika kelele za kupanga mikeka na sahani, jambo ambalo mnamo Januari nisingeliweza. Kabla ya bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu wa kufungulia, maalim alinipa ishara nipige taksimu ya Rasti, yaani nipige peke yangu kwa kubuni. Kina mama waliendelea kuzungumza, kama inavyokuwa harusini. Nikaanza chini, nikapanda, nikafika kwenye sika, nikakaa hapo.

Baadaye, muziki ulipokwisha na waimbaji wakiwa wanahesabu fedha walizotunzwa, nilimfuata maalim nikamuuliza kama sika ilikuwa sawa. Aliifuta fidla yake kwa kitambaa, polepole, akaiweka kwenye sanduku.

"Bado ina Mombasa kidogo ndani yake, mwanangu," akasema. "Hiyo iliyobaki usiishushe tena."

Kisha akafunga sanduku, tukaenda kutafuta gari la kuturudisha mjini.